Harufu ya Waya Njia ya Mambrui

Waya ukiungua una harufu yake peke yake. Si ya samaki, na samaki mimi nawajua; si ya dizeli, si ya breki. Ni plastiki kali yenye utamu fulani wa kuchefua, na inakukaa kooni kabla pua haijatambua ni nini. Ilinipata saa kumi na nusu alfajiri nikitoka Ngomeni, nimeshapita Gongoni, Mambrui bado sijaifikia. Nyuma ya pikapu nilikuwa na makasha manne ya changu na tafi, barafu inavuja. Mbele nilikuwa na taa mbili mpya za spoti ambazo wiki nzima nilikuwa najisifu kwazo kila kibaraza.

Kwanza nilidhani ni redio, nikaizima. Harufu ikazidi. Nikapeleka kidole kwenye swichi ya zile taa, nikakuta kitufe kimelainika kama halua iliyoachwa juani. Nikakibonyeza, kikazama, taa zikaendelea kuwaka. Ndipo moshi mwembamba ukaanza kutoka chini ya usukani. Nikalitoa gari barabarani, nikafungua boneti, nikatafuta spana namba kumi huku nimeuma simu kwa meno ili initolee mwanga, nikalegeza kichwa cha betri upande wa hasi na kukinyofoa. Kila kitu kikazimika. Wakabaki vyura tu.

Nilikaa juu ya bampa mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kule Ngomeni nilikotoka, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililosimama baharini, ilirushwa setelaiti ya Uhuru, ikaenda kuzitazama nyota zinazotoa miale ya eksirei. Na mimi miaka yote hii baadaye, ufuo huo huo, nimeshindwa kuwasha taa mbili.

Lakini taa nilizihitaji. Anayeijua njia ya kutoka Ngomeni hadi kwenye lami usiku ananielewa: vumbi, ng'ombe waliolala, punda asiye na mwenyewe, na baiskeli zisizo na taa wala kioo cha kung'aa. Taa kubwa za Hilux yangu ya zamani vioo vyake vimepiga umanjano, zinaona mbele kama mzee aliyepoteza miwani. Nikanunua za spoti, nikampa kijana mmoja azifunge. Simtaji, na wala sina kinyongo naye, alifanya alivyofundishwa. Aliudaka waya mnene unaoingia kwenye ufunguo, kabla haujafika kwenye boksi la fyuzi, akaupitisha kwenye swichi aliyoitobolea dashibodi, akaupeleka moja kwa moja hadi kwenye taa. Waya ulikuwa mmoja, mwekundu, mwanzo hadi mwisho, na hata ule wa kwenda kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya hasi, ulikuwa mwekundu. Fyuzi hakuna. Relei hakuna. Saa moja, kazi imekwisha, nikamlipa na ya chai juu yake. Na taa zikawaka, tena zikawaka vizuri! Siku ya kwanza kazi mbovu na kazi njema zinawaka sawasawa, na mteja anayelipa siku hiyo hana la kutofautisha.

Gari lilivutwa mpaka Malindi kwa kamba ya jahazi. Samaki niliwauza kwa bei ya kunionea huruma.

Pale Malindi, upande wa Shella, kuna mzee anayefanya kazi ya waya za magari chini ya mwarobaini. Sote tunamwita Ami, hata wasio na udugu naye. Nilimfikia asubuhi ile ile, nguo zinanuka moshi na samaki.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Umeleta gari au umeleta majivu?"

Hakugusa chochote kwanza. Alilala chali chini ya usukani, akainusa ile dashibodi kama mtu anayeonja pilau, kisha akaing'oa swichi na kuniwekea kiganjani. "Soma nyuma yake," akasema. Herufi zilikuwa ndogo, nusu zimeyeyuka, lakini zilisomeka: ampea 6 kwa volti 250, ampea 10 kwa volti 125.

"Hii ni ya birika la chai," Ami akasema. "Nyumbani, umeme wa ukutani unakuja na kurudi, kila sekunde unapita kwenye sifuri mara mia. Cheche ikizaliwa inakufa yenyewe. Umeme wa betri haurudi. Cheche ikizaliwa inang'ang'ania. Haya, balbu zako wati ngapi?"

Mia moja kila moja. Alichukua kipande cha chaki, akaandika kwenye tairi kuukuu lililokuwa benchi lake. Wati 200 gawanya kwa volti 12: ampea 16.7. Swichi ya ampea 10, kwa wema wote wa mtengenezaji wake, imebebeshwa 16.7. Na hapo hatujahesabu kile kishindo cha kuwasha: uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, kwa hiyo kwa muda mfupi kama kupepesa jicho unaweza kuvuta hata mara kumi ya hapo. Kila kishindo kinachoma ncha za swichi kidogo. Ncha zikichomeka zinakuwa chafu, zikiwa chafu zinakinza, na zikikinza zinapata joto. Hesabu yenyewe haina huruma, maana joto linapanda kwa mraba wa ampea. Ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, kwa ampea 16.7, unatoa karibu wati 28. Hiyo ni pasi ya kulehemu. Nilikuwa nimeendesha wiki nzima na pasi ya kulehemu ndani ya dashibodi, inchi chache kutoka kwenye goti langu.

Nilimuuliza, basi si ninunue swichi kubwa? Alicheka, akaelekeza kidole upande wa bahari.

"Umewahi kumwona nahodha akipandisha foromali, ule mti wa tanga, kwa mikono yake? Nahodha anasema neno moja tu, mabaharia wanavuta henza, kamba ya kuipandishia. Swichi yako ni nahodha. Relei ndiyo mabaharia."

Mfano huu nimeuchukua, naurudia kwa kila mtu, na kila mara naona uso wa msikilizaji unafunguka. Ndani ya kile kijisanduku cheusi kinachotosha kiganjani kuna koili ya waya mwembamba sana. Ukiipa umeme kidogo, inakuwa sumaku, sumaku inavuta kibamba cha chuma, kibamba kinaunganisha ncha mbili nene. Koili yenyewe inakula karibu ampea 0.15 tu, swichi ya birika itaibeba hiyo mpaka ichoke dashibodi. Mzigo mzito unapita kwenye zile ncha nene, na unapita huko huko mbele karibu na betri na taa, haulazimiki kuzunguka hadi kwa dereva na kurudi.

Hilo la mwisho lina faida ambayo sikuitarajia. Waya aliotumia yule kijana ulikuwa wa milimita mraba 1. Mita tano za waya huo, ukipitisha ampea 16.7, zinakula karibu volti 1.4 njiani, yaani kama sehemu moja ya kumi ya umeme wako. Na balbu ya uzi ni kiumbe mwenye kisirani: mpunguzie asilimia 10 ya volti, atakupunguzia karibu asilimia 30 ya mwanga. Taa nilizokuwa najisifia zilikuwa zinafanya kazi kwa theluthi mbili. Theluthi nyingine ya mwanga ilikuwa imepotea kwa sababu ya waya.

Ami alianza kwa kuzitupa balbu za wati 100. Alisema vioo vile havikuumbwa kwa joto hilo. Tukaweka za wati 55, jumla 110, ampea 9.2. Kisha akaniambia nifunge mwenyewe, yeye atakaa kunitazama. "Nikikufungia mimi, utarudi."

Relei ya kawaida ina miguu minne au mitano, na kila mguu una namba iliyochorwa kwenye plastiki. Namba hizo zimetoka kwenye kanuni ya Wajerumani iitwayo DIN 72552, ndiyo maana relei ya Bosch na ile isiyo na jina kutoka duka la vipuri zinaongea lugha moja. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri. 87 unapeleka kwenye taa. 85 na 86 ni ncha mbili za koili, moja inapata chanya, nyingine inapata hasi. Ukikuta 87a katikati, huo umeungana na 30 wakati relei imelala. Kwa taa hauna kazi, uache mtupu na uukinge. Kanuni hiyo hiyo inaita umeme unaopita kwenye ufunguo 15, na bodi inaita 31. Ukishazizoea namba hizi, michoro ya magari inaacha kuwa hirizi.

Koili inapokatiwa umeme inapiga teke: volti zake zinaruka juu ghafla kwa nukta moja. Kwa swichi ya kawaida si neno, lakini kama unaiamrisha relei kwa kifaa chochote chenye kompyuta, nunua relei yenye dayodi au rezista ndani, vipande vidogo vya kulimeza teke hilo. Yenye dayodi ina mwelekeo, 86 lazima iwe chanya. Ukigeuza, dayodi inakufa siku hiyo hiyo.

Jambo jingine nalipita haraka kwa kuwa halikunipata mimi. Malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni mengi ni ya volti 24. Relei ya volti 12 ukiifunga humo itapiga kelele yake ya "tik" vizuri kabisa, huku koili inapika joto mara nne ya kawaida. Soma kifuniko kabla ya kulipa.

Sasa fyuzi. Hapa ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimeielewa kinyume. Nilijua fyuzi inalinda taa, au redio, au chochote kilicho mwisho wa waya. Ami aliniuliza swali moja: "Taa ikishaharibika ikavuta umeme mwingi, fyuzi ikakatika, taa imepona?" Haikupona. Ilishakufa. Kinachopona ni waya. Betri ya gari inaweza kuizungusha stata, kazi inayotaka mamia ya ampea. Hiyo betri haijui kwamba wewe umeifunga kwenye waya mwembamba kama uzi wa mshipi. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi, betri itaupa kila ilicho nacho, na waya utakuwa mwekundu ndani ya ngozi yake, kuanzia betri hadi pale ulipogusa, ukiwasha kila kitu ulichopakana nacho.

Kutokana na hapo mambo mawili yanajieleza yenyewe. La kwanza, fyuzi inakaa karibu na betri, ndani ya shibiri moja ukiweza, kwa sababu waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Nimeona watu wanaweka fyuzi nzuri kabisa pale kwenye taa. Wamelinda nusu futi, mita tatu zote wameziacha yatima. La pili, ukubwa wa fyuzi unauchagua kwa waya, halafu unahakikisha mzigo unaingia humo na nafasi ya kupumua. Mimi nilitumia waya wa milimita mraba 2.5, unaobeba ampea 15 bila jasho, nikaweka fyuzi ya 15, na taa zangu zinavuta 9.2. Ya 10 ingekuwa inaishi pumzi juu juu.

Zile fyuzi za miguu bapa, zilizobuniwa na Littelfuse mwaka 1976, rangi zake zina maana, na afadhali uzishike kichwani kuliko kuzisoma gizani: nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Na usidhani ya 15 inakatika kwenye 15. Imeumbwa kuvumilia, ukiizidisha kwa asilimia 35 inaweza kukaa hata dakika kumi kabla haijakata. Ukiizidisha mara mbili, ndiyo sekunde chache. Kwa hiyo anayeibadilisha ya 15 akaweka ya 30 "kwa sababu ile inasumbua", amempa waya wake adhabu ndefu.

Nina binamu yangu wa tuktuki, hapa hapa Malindi. Tuktuki yake usiku ni harusi inayotembea: taa za buluu chini, spika mbili nyuma, feni, chaji tatu za simu. Fyuzi ilikuwa inamkatikia, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilipomwambia, alinijibu, "Lakini haijakatika tena tangu hapo." Kweli haijakatika. Haiwezi kukatika. Nilimletea relei moja, fyuzi mbili na waya wa maana, nikamfungia mchana mmoja, na mpaka leo anasema spika zake sasa zinalia vizuri zaidi, akidhani nimemfanyia uchawi wa muziki. Volti zilikuwa zinapotea kwenye waya, bwana.

Kuna ubaya mkubwa kuliko karatasi ya sigara, nao ni fyuzi bandia. Nilinunua pakiti ya bei ya kutupa. Ami akachukua moja ya 15, akaifunga moja kwa moja kwenye betri kuukuu kwa waya mnene, akasimama mbali. Plastiki ya buluu ilianza kutoa povu, ikayeyuka, ikadondoka, na kile kibamba cha ndani bado kimeshikana. Alikata kwa koleo. Pakiti nzima ikaenda kwenye debe la taka, na mimi sikusema neno ingawa zilikuwa pesa zangu.

Nilimaliza kufunga magharibi inaingia. Nilitaka taa za spoti ziwake pamoja na taa kubwa zikiwa za mbali, na zizimike zenyewe nikishusha, ili nisimpofushe anayekuja. Basi nikatafuta waya wa taa ya mbali, nikaupeleka kwenye 86 kupitia swichi, nikafunga 85 kwenye bodi. Ami alitazama tu. Aliuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Haya, nenda hadi daraja la Sabaki urudi."

Sijafika darajani, lori likaja. Kwa adabu nikashusha taa. Za spoti zikawaka zote mbili, usoni mwa yule dereva. Nikapandisha kwa hofu, zikazimika. Nikashusha tena, zikawaka. Dereva alinipita akinitukania wazee wangu ambao hawakumfanyia lolote.

Niliporudi Ami alikuwa bado amekaa pale pale, anakunywa kahawa. Alijua. Toyota nyingi za zamani, na yangu imo, hazikati chanya ya taa kubwa; zinakata hasi. Balbu inapewa chanya kwenye mguu wa pamoja, na ile swichi ya usukani inachagua tu uzi upi upelekwe kwenye bodi. Ukiwasha taa za chini, waya wa taa ya mbali haujapata bodi, kwa hiyo unakaa na chanya iliyopenya kupitia uzi wa balbu, nayo inatosha kabisa kuiamsha koili. Ukipandisha, waya huo unapelekwa bodi, koili inalala. Dawa yake ni kuifunga koili kama balbu ilivyofungwa: 86 kwenye mguu wa pamoja wenye chanya, 85 kupitia swichi hadi kwenye ule waya wa taa ya mbali. Dakika kumi za kazi. "Ningekuambia," Ami akasema, "ungesahau. Sasa hutasahau mpaka kaburini."

Sisi wa pwani tuna adui mmoja ambaye mafundi wa bara hawamjui, nao ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, kila kitu kilicho wazi kinapata utando, na shaba inageuka kijani kimya kimya. Taa inayofifia Malindi, mara nyingi tatizo si balbu, ni athi, yaani kiungo cha hasi na bodi. Kwa hiyo pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikakaza kwa bolti na washa yenye meno, kisha nikapaka vaselini juu, baada ya kukaza, si kabla. Viungo nilivibana kwa koleo lake maalumu na kuvifunika kwa mirija ile inayosinyaa ikipata moto. Tepu nyeusi peke yake haidumu hapa; joto linaitoa gundi, inajikunjua, inabaki mkia unaonata. Na waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, usiutie kwenye gari hata kama umeupata bure. Barabara ya Ngomeni itautikisa mpaka ukatike ndani, nje ukionekana mzima.

Mwaka ulipita taa zikiniongoza vizuri. Kusi iliyofuata, alfajiri nyingine, karibu na pale pale pa mwanzo, taa za spoti zikazimika ghafla. Nilinusa. Hakuna kitu. Nikasimama, nikafungua boneti, fyuzi ya buluu imekatika, waya ni baridi kama maji ya mtungi. Nikaweka nyingine, ikakatika nikiitazama. Nikafunga boneti, nikaenda polepole kwa taa zangu za kizee hadi mjini, nikachelewa, na mteja wangu wa hoteli akanisema mbele za watu.

Kulipokucha nikauona. Bracketi ya bampa ilikuwa imelegea, imeuchuna waya mpaka shaba ikatokeza. Nikampelekea Ami habari kama mwanafunzi anayeleta ripoti yake.

"Fyuzi ngapi zilikatika?" akauliza.

"Mbili, Ami. Ile iliyokatika, nikaweka nyingine, nayo ikakatika."

Akanywa kahawa yake. "Ya kwanza ilikupa habari," akasema. "Ya pili uliiweka ya nini?"